Kadi Iliyokuja Nyuma ya Mwisho

Dar es Salaam,
14 Oktoba 1973

Shangazi yangu mpendwa,

Nakuamkia, na ujue nimepiga magoti kabisa, ingawa wenzangu hapa bwenini wananicheka kwamba nasalimia karatasi. Nilifika salama. Meli ilichelewa kutoka Bukoba, treni ikachelewa zaidi kutoka Mwanza, na ndizi ulizonifungia ziliiva zote njiani nikazigawa behewani. Tangu tumzike Tata, baba yangu, usingizi wangu si mzuri, lakini nakula. Je, kaburi umeshalitandikia nyasi? Mgongo wako unaendeleaje?

Siku ya matanga uliniuliza mbele za watu kwamba kazi ninayofundishwa huku ni kazi gani, nikashindwa kujibu. Mwalimu wetu anasema asiyeweza kumweleza mtu ambaye hajawahi kuiona kompyuta, basi na yeye hajaielewa. Kwa hiyo nimekuchagua wewe uwe mwanafunzi wangu. Usikatae, mtihani wangu unategemea hapo.

Kompyuta ni mashine kubwa inayojaza chumba, na chumba chenyewe kina baridi, tunavaa sweta katika Dar es Salaam hii hii. Haina akili, Shangazi. Inafanya inachoambiwa, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio ulioandikwa. Amri hizo zikipangwa ndiyo programu. Kila amri tunaitoboa kwenye kadi yake ngumu, kisha kadi zinapangwa na kulishwa mashine. Chukua kupika ndizi: menya, osha, panga chunguni, tia maji, funika kwa majani, washa moto. Wewe ukimwambia jirani yetu Klaudia "pika ndizi," anajua. Mashine haijui. Ukisahau kuiambia imenye, itapika na maganda. Ukiiambia iwashe moto kabla ya kutia maji, itaunguza chungu wala haitaona aibu. Haidhanii kitu. Usichokisema hakipo.

Na kadi ya mwisho kabisa tunaandika MWISHO. Mashine ikifika hapo inasimama. Juzi mwenzangu aliangusha kadi zake, akaziokota ovyo, moja ikaingia nyuma ya MWISHO. Ilikuwa kadi nzuri isiyo na kosa. Mashine haikuikataa. Haikuigusa tu.

Nakutumia kadi kadhaa zilizoharibika. Ni ngumu, zinafaa kupepea moto.

Mwanao,
Jovita


Izigo, Muleba,
18 Novemba 1973

Jovita mwanangu,

Waitu mpendwa, tumesalimika. Mgongo ni ule ule, nimeshauzoea kama mume mbaya. Senene wameanguka wiki hii mpaka watoto wameacha shule. Nimekukaangia, nimempa Sista Immakulata anayesafiri kuja huko. Usiwape wote hao wanaokucheka. Kadi zako Klaudia amezichungulia matundu akaapa kwamba ni hirizi ya Kizungu, amekataa kuzishika. Mimi napepea nazo moto na mpaka leo sijarogwa.

Mashine yako naijua. Ndiyo mume wangu wa Rwamishenye. Ukimwambia lete kuni, analeta kuni, hata kama mvua inanyesha na kuni zimejaa hadi darini. Ukinyamaza, anakaa. Nilimwacha nikarudi kwa kaka yangu, na kaka akanipokea bila kuniuliza nimebeba nini. Namshukuru Mungu kwa ajili yake kila ninapong'oa jani juu ya kaburi lake. Ndiyo, nyasi nimetandika.

Kaka yako Privatus amekalishwa kwenye kigoda cha Tata na kupewa mundu, sasa ndiye mrithi. Wewe uliondoka mapema mno, hukuona. Alivaa koti la Tata likampwaya. Kwa mila, tangu siku hiyo natakiwa nimwite kaka. Mimi! Makalio yake nimeyaosha kwa mikono hii hii, leo nimwite kaka! Lakini mila ni mila, nimemwita, akaitika bila hata kucheka.

Habari nyingine ni hii. Katibu wa chama, Kagaruki, alitutangazia baada ya misa kwamba kijiji kipya cha ujamaa kitajengwa kule rweya, kwenye yale majani matupu ambako mgomba hauoti, na kila kibanja, kila shamba la migomba lenye nyumba, kitatoa mtu mmoja akaishi huko. Watu wananung'unika. Mimi sina wasiwasi. Tata yako alisema, nawe ulimsikia kwa masikio yako pale hospitali, kwamba mimi nisitolewe kwenye kibanja hiki, na nikifa nilazwe ubavuni mwake. Ulinisimulia mwenyewe usiku wa msiba ukilia kifuani kwangu. Privatus hakuwepo hospitali, alikuwa na shughuli zake huko huko mjini Bukoba, mtaa wa Bakoba. Hata hivyo neno la marehemu ni neno.

Haya mwalimu, lete somo la pili.

Mimi shangazi yako, na mama yako,
Georgina


Dar es Salaam,
9 Desemba 1973

Shangazi mpendwa,

Magoti chini tena. Senene wamefika! Nimewala peke yangu nikiwa nimejifunika shuka, Mungu anisamehe. Krismasi sitakuja, likizo ni fupi na safari ni ndefu. Nisalimie Klaudia, umwambie kadi si hirizi.

Somo la pili ni kisanduku. Ndani ya mashine kuna visanduku vingi, na kila kimoja unakipa jina. Ndani yake unaweka kitu kimoja tu, namba au neno. Tuseme kisanduku kinaitwa MWENYE KIBANJA, na ndani yake umeweka neno KARUGENDO, jina la Tata. Mashine ukiiuliza mwenye kibanja ni nani, itajibu Karugendo. Sasa ukiweka PRIVATUS, Karugendo hasogei pembeni akae na mwenzake. Anafutika. Jina la kisanduku ni lile lile, kilichomo ni kingine, na mashine haina kumbukumbu kwamba aliwahi kuwemo mtu mwingine. Samahani kwa mfano, nimeshika uliokuwa karibu.

Wanafunzi wapya wote wanakosea hapo. Wanaweka kipya, halafu wanakitafuta cha zamani. Kama bado unakihitaji cha zamani, lazima kwanza ukinakili kwenye kisanduku cha pili, kabla hujaweka kipya. Ukichelewa, hakuna pa kukitafuta.

Kuhusu kule rweya, usijitie presha. Kaka Privatus maneno yake ni makali lakini moyoni hana ubaya.

Nakutakia Noeli njema,
Jovita


Izigo, Muleba,
20 Januari 1974

Jovita mwanangu,

Nakusalimu. Noeli tulikula ndizi na samaki, mbuzi hatukuchinja kwa sababu mwenye mbuzi sasa ni mwingine. Mvua si haba. Kahawa inachanua, kibanja chote kinanukia mpaka ndani ya nyumba.

Privatus alikuja siku ya Mwaka Mpya. Alikaa kwenye kigoda, akatafuna akamwani, kahawa ya kutafuna niliyomchemshia, akasifu, kisha akaniambia kwamba mtu wa kutolewa na kibanja chetu ni mimi. Mke wake hawezi, ana watoto wadogo. Yeye hawezi, ana kazi mjini. "Wewe, Georgina, huna mume wala mtoto, utapata shida gani?" Ameniita Georgina. Nilimkumbusha neno la Tata. Akasema, "Neno gani? Nani alilisikia?"

Nimekwenda kwa mzee Byabato, mkuu wa ukoo. Amesema hivi: baraza la ukoo litakaa Jumamosi ya mwisho ya Aprili kumaliza mambo yote ya urithi. Kama kuna mtoto wa Karugendo aliyesikia neno hilo, alete ushahidi wake kwa mdomo au kwa maandishi, na mrithi atafungwa nalo, hatanitoa. Lakini baraza likishamaliza na lubisi ya kufungia, ile pombe ya ndizi, ikishanyweka, shauri halifunguliwi tena maadamu mrithi huyo yu hai. Unaijua mila hiyo. Akishakunywa mkubwa wa ukoo, imekwisha.

Somo lako la kisanduku nimelielewa vizuri mno, lilinitoa jasho. Tata amefutwa, amewekwa Privatus. Lakini Tata hakuwa mjinga. Alinakili kwanza. Wewe ndiwe kisanduku cha pili, Jovita. Hakuna kingine.

Andika mistari michache tu. Alisema nini, alisemea wapi. Weka jina lako.

Shangazi na mama yako,
Georgina


Dar es Salaam,
3 Machi 1974

Shangazi mpendwa,

Pole na mgongo, pole na kila kitu. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mitihani, na pia nilipata malaria kidogo. Sasa sijambo. Nimefurahi kusikia kahawa imechanua. Mimi huku harufu ninayoijua ni ya karatasi na mashine iliyopata moto.

Mwalimu ananisifu. Kuna mafunzo ya miaka miwili Ulaya, watachaguliwa watu wachache, na jina langu limetajwa. Bado si hakika, kuna fomu nyingi za kujaza.

Somo la tatu ni KAMA. Mpaka sasa mashine yetu inakwenda moja kwa moja kama mtu aliyetumwa dukani. Sasa tunaipa njia panda. KAMA mvua inanyesha, BASI anua kahawa. LA SIVYO, iache juani. Inauliza, inapata ndiyo au hapana, inashika njia moja, nyingine inaiacha. Hakuna "labda," hakuna "ngoja kwanza." Mtu anaweza kusimama njia panda mwaka mzima. Mashine haiwezi. Wakati mwingine naionea wivu.

Suala la kibanja ni zito, nisingependa kuliandika mbio mbio. Nitakaa nitulie nilipange vizuri. Wewe omba Mungu.

Mwanao,
Jovita


Izigo, Muleba,
24 Machi 1974

Jovita,

Salamu. Tuko hai. Ng'ombe wa Klaudia amezaa.

Malaria pole. Lakini mkono ulioweza kuniandikia habari za mvua na kahawa na njia panda, ukajaza karatasi mbele na nyuma, haukuweza kuandika "Tata alisema Georgina asitolewe"? Nimehesabiwa mjinga na watu wengi, na wewe unataka kuingia kwenye mstari?

Unasema ni suala zito. Zito kwa nani? Mimi ndiye niliyepanda kahawa zile za upande wa bonde pamoja na baba yako, mvua ikitupiga. Wewe ulikuwa mgongoni kwangu, mama yako amekufa wiki moja tu baada ya kukuzaa. Nilikutafunia chakula. Sikusema jambo hilo ni zito ngoja nilipange vizuri.

Haya, mwanafunzi wako amejifunza, sikiliza.

KAMA Jovita alimsikia baba yake, BASI aandike.
LA SIVYO, aseme hakusikia, nife nikijua.

Hakuna njia ya tatu, umesema mwenyewe. Barua hii sikuipa posta. Nimempa Sista Immakulata akukabidhi mkononi. Atarudi Izigo kabla ya baraza. Mpe yeye huo ushahidi. Ukishindwa kabisa, mpe hata nusu ukurasa.

Shangazi yako,
Georgina


Dar es Salaam,
5 Mei 1974

Shangazi mpendwa,

Natumaini Pasaka ilikuwa njema. Mimi ni mzima. Sista Immakulata alinikuta naingia kwenye chumba cha mtihani, tukasalimiana mlangoni tu, na niliporudi alikuwa ameshaondoka. Nilisikitika sana. Nilifikiri kupiga simu ya maandishi, lakini mambo ya ukoo hayafai kupita mikononi mwa makarani. Baraza lilikwendaje? Naamini mzee Byabato ametumia busara.

Niendelee na somo ili usiwe mpweke. La nne ndilo ninalolipenda kuliko yote: RUDIA. Badala ya kuandika amri ile ile kila mara, unaiandika mara moja na kuiambia mashine irudie MPAKA jambo fulani litokee. Chukua senene mmoja, ng'oa mabawa, ng'oa miguu, weka kwenye bakuli. RUDIA MPAKA kapu liwe tupu. Amri chache hizo zinamaliza kapu zima. Ila usisahau MPAKA. Ukiusahau, mashine itazunguka pale pale, kapu limeisha, bakuli limejaa, nayo bado inang'oa mabawa ya hewa. Haichoki. Lazima mtu aje aizime.

Mambo yangu ya masomo yanakwenda vizuri. Nitakueleza yakikamilika.

Nakuwaza kila siku.
Jovita


Rweya, kijiji kipya,
2 Juni 1974

Jovita,

Nakusalimu kutoka mahali ambapo hujawahi kufika. Usiandike tena Izigo, hakuna wa kupokea barua. Uzipitishie kwa Katibu Kagaruki.

Umeuliza baraza lilikwendaje, nitakwambia. Tulikaa uani, pale penye mti wa mrumba. Mzee Byabato aliuliza, "Kuna neno lolote kutoka kwa mtoto wa Karugendo aliyeko Dar es Salaam?" Watu wakanitazama. Mimi nikamtazama Sista Immakulata, nilimwomba aje makusudi. Akainamisha kichwa. Byabato akauliza tena, kwa sauti kubwa, kana kwamba wewe umejificha migombani. Kisha akasema, "Basi hakuna." Mtungi ukaletwa. Alikunywa yeye, akanywa Privatus, wakanywa wote. Na mimi nilipewa nikanywa, kwa sababu asiyekunywa anatukana ukoo. Ile lubisi niliikamua mwenyewe.

Sista hasemi uongo, Jovita, hata ukimwomba. Ameniambia mlikaa, mkanywa chai na mkate, ukasoma barua yangu mbele yake mpaka mwisho. Akakuuliza, "Nimpelekee nini shangazi yako?" Ukampa kilemba. Kilemba nimekipata, ni cha bluu. Huku upepo ni mkali, kinafaa.

Kuhama nilihamishwa wiki iliyofuata. Lori la kijiji lilikuja, vijana wakapakia kitanda, vyungu, jembe na kuku. Niliomba nichukue machipukizi ya mgomba, Privatus akasema chukua tu, mwanamke wa kwetu hakatazwi mgomba. Nimeyapanda. Yamekauka. Ardhi hii ni changarawe na majani ya kuezekea. Tunalima pamoja asubuhi, watu wazuri wengi, wanaimba. Sina ugomvi na ujamaa. Waliokuja kwa kupenda wanafurahi. Mimi nimekuja kama mzigo wa mtu mwingine.

Sasa sikia. Kagaruki ni mtu wa maneno mengi, hana ubaya, alikuwa ananipa moyo. Akasema, "Mama Georgina, usilie, una binti atakayekwenda Ulaya! Mimi mwenyewe nilizigonga fomu zake muhuri mwezi wa pili, na kaka yake akatia sahihi kama mlezi. Alitoka Bakoba mbio kuja kuzisaini." Mwezi wa pili! Kumbe wakati unaniandikia "suala ni zito," fomu zilikuwa mikononi mwa Privatus. Angezichana kama ungenishuhudia. Hilo nimelielewa bila kadi.

Sikukatazi Ulaya. Ungeniambia, Jovita. Ungesema, "Shangazi, nichague mimi au wewe." Mimi ningekwambia nenda mwanangu, wacha mimi niende rweya, ningepakia vyungu vyangu mwenyewe nikiimba. Kila mara katika maisha yako nilikuchagua wewe. Hukunipa hata nafasi hiyo. Ulinipa masomo. Nilikuwa ubao wako wa kufanyia mazoezi ya mtihani, na umefaulu, hongera.

Nami nimefanya kosa la wanafunzi wapya. Uliniambia katika barua ya kwanza: usichokisema hakipo, mashine haidhanii. Mimi nilidhani.

Georgina


Dar es Salaam,
28 Julai 1974

Shangazi,

Magoti yangu yako chini, na safari hii sijui kama utayaona.

Naondoka Ijumaa. Pasi imetoka, tiketi ninayo. Barua yako nimeisoma mara nyingi mno. Sitajitetea, na sitaeleza yale ambayo umeshayaeleza wewe mwenyewe. Nikijaribu kuandika hapo, kalamu inasimama. Nimeweka ndani karatasi hii, ampelekee mzee Byabato yeyote utakayemwamini.

"Mimi Jovita binti Karugendo nashuhudia kwamba baba yangu, akiwa hospitalini Bukoba na akili zake timamu, aliniambia maneno haya: 'Georgina asitolewe kwenye kibanja changu. Akifa, alale ubavuni mwangu. Mwambie Privatus, nawe usiogope.' Nami sikumwambia Privatus. Niliogopa. Haya ni kweli mbele ya Mungu."

Sasa hawezi kunizuia. Najua unavyoisoma sentensi hiyo, Shangazi. Hata mimi naisoma hivyo hivyo.

Niruhusu nikuandikie kutoka huko.

Jovita


Rweya,
8 Septemba 1974

Jovita,

Nakusalimu. Nimeandika nyuma ya kadi zako zilizobaki, maana karatasi huku ni shida, na nyingine nilishawashia moto. Nimezipanga kwa mpangilio na kuzifunga kwa kamba ya mgomba. Usiziangushe. Nazituma bwenini kwako wakupelekee, sijui kama zitakufuata mpaka huko Ulaya.

Ushahidi wako Klaudia aliupeleka kwa Byabato. Mzee akaita watu, nami nikaja kwa miguu kutoka huku. Akausoma kwa sauti pale pale uani. Alipofika kwenye "alale ubavuni mwangu" ilibidi ampe mwingine amalizie. Watu wazima walilia. Hata Privatus alitazama chini. Kisha akasema, "Naliheshimu neno la Tata. Lakini lubisi ilinyweka." Tukamgeukia mzee. Byabato akaipokea tena karatasi, akaikunja, akasema, "Ndiyo, ilinyweka, nami ndiye niliyetangulia kuinywa."

Nyumba yangu Privatus ameshaibomoa, amepanda kahawa. Nilipita nikaona miche, inapendeza. Nikang'oa majani juu ya kaburi, nikarudi kabla mvua haijanikuta njiani.

Umeniomba ruhusa ya kuniandikia. Andika ukitaka, Kagaruki atanipa. Lakini masomo basi, nimehitimu. Na sala ninazokuombea hazijakoma. Hizo nilizianza kabla hujajua kusema, sikuziwekea MPAKA, sijui nizizime vipi.

Nikifa nitazikwa huku kwenye upepo. Ukipata habari, usikatishe masomo yako kuja kunililia. Ungeweza kuja Aprili.

Karatasi yako ni nzuri, mwanangu. Haina kosa hata moja. Hakuna aliyeikataa.

Georgina

MWISHO